Hewa Isiyo na Risiti

Gari lililogoma kuwaka halimpi fundi kazi kubwa ya kufikiri. Betri imekwisha, stata imekufa au pampu haisukumi mafuta. Kuna kitu kimesimama, na kilichosimama huonekana. Linalosumbua ni lile linaloitika kwa funguo ya kwanza, linalonguruma vizuri likiwa limeegeshwa, linalokupeleka Kariakoo na kukurudisha nyumbani bila neno, halafu siku unayolihitaji likupandishe mlima linakuacha unakanyaga mafuta mpaka pedeli inagusa sakafu huku mwendo ukizidi kupungua. Ukilipeleka gereji, limepona. Fundi anakanyaga mara mbili tatu, injini inapokea, naye anakuuliza kwa upole kama una hakika gia ilikuwa mahali pake. Ukiwa mwanamke, swali hilo huja mapema zaidi, na mara nyingine huulizwa yule uliyefuatana naye.

Langu lilikuwa Subaru Forester ya mwaka 2004, injini ya lita mbili yenye turbo, lililofika Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani kama yalivyo magari yetu mengi. Mdogo wangu ndiye aliyeliagiza. Yeye ni wa kizazi kilichoipenda Subaru kwa ajili ya Safari Rally ya Kenya, ambako Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akashinda na gari la jina hilohilo mwaka 2000. Alipohamishiwa Mbeya na kupewa gari la kazi, akaniuzia. Mambo ya mashindano mimi hayakunihusu. Nililichukua kwa sababu mama yetu anaishi Iringa, na kwenda Iringa maana yake ni kupanda Kitonga.

Msafiri wa barabara ya Tanzam anaujua mlima huo. Ukishapita Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake vilivyopangwa kando ya lami, barabara inaanza kujikunja ubavuni mwa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mbele yako kuna foleni ya malori ya Zambia na Kongo yanayotambaa kwa gia nzito. Sehemu zinazoruhusu kuyapita ni chache na fupi. Ukiipata nafasi huna muda wa kubembelezana na injini. Unakanyaga, na gari linatoka au halitoki.

Hapo ndipo turbo inapolipa gharama zake. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Kila mita 1,000 za mwinuko huondoa takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu. Turbo huutumia moshi wa ekzosi, ambao vinginevyo ungepotea bure, kuzungusha feni ndogo. Upande wa pili wa mhimili huohuo kuna feni nyingine inayoshindilia hewa safi kuelekea kwenye silinda. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss wa General Electric, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni mwa Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ili jeshi lijionee. Chini injini hiyo ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 350 hivi. Kileleni, bila turbo, ilitoa 230. Ilipofungwa turbo ikatoa 356. Hewa ya mlimani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na kitu cha kuishindilia.

Kwa hiyo gari la turbo linapokufa nguvu mlimani, limekunyima kile hasa ulichokinunulia.

Siku iliponitokea nilikuwa nyuma ya lori la makontena. Barabara ikanyooka kidogo mbele, sikuona gari likishuka, nikawasha taa ya kulia na kukanyaga. Sauti ilikuja, tena kubwa kuliko kawaida, na ndani yake mlikuwa na mfoko ambao sikuwahi kuusikia. Kwenye kioo nikaona moshi mweusi. Nguvu haikuja. Nikarudi nyuma ya lori, nikasikiliza honi za basi lililokuwa likinifuata, na tukapanda hivyo wote kwa mwendo wa lori mpaka juu. Ilula niliponunua nyanya niliiacha injini ikiunguruma ili niisikilize. Ilitulia kabisa, haikutetemeka wala kumisi. Taa ya cheki injini haikuwa imewaka, na haikuwaka safari yote.

Niliporudi Dar nikaanza kuzunguka gereji. Sitazitaja, na kwa kweli zingeweza kuwa gereji zozote. Ya kwanza ilikuwa na kijana mchangamfu aliyefungua bomba la hewa, akaingiza vidole, akautikisa mhimili wa turbo. Ukacheza kidogo. "Mama, turbo imekufa hii, hebu shika mwenyewe." Nikashika, ukacheza kweli. Alikuwa na mtu Shaurimoyo mwenye turbo mtumba kutoka Japani, safi, na angeweza kuifuata saa ileile nikitoa pesa.

Ya pili waliinama nyuma, wakaweka kiganja kwenye bomba la ekzosi, wakasema masega yameziba. Masega, kwa wasiozoea gereji, ni kile kichujio cha moshi chenye vitundu vidogo vingi kama jina lake. Ndani yake kumepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwa sababu hiyo wapo watu mjini wanaonunua masega makuukuu kwa bei nzuri. Nilielezwa kwamba wangeyakata, wangechomelea bomba tupu, na yale ya zamani wangenisaidia kuyatupa. Neno "kuyatupa" lilinifanya nichukue funguo zangu.

Ya tatu walitaka kubadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta kwa pamoja, ili "tuwe na uhakika". Plagi nilikubali kwa kuwa muda wake ulikuwa umefika. Mlima wa Pugu ukanionyesha kwamba gari ni lilelile.

Haya yote yangeweza kuwa kweli. Turbo hufa, na masega huziba. Kwenye baadhi ya Subaru za turbo kuna hata masega madogo yaliyowekwa kabla ya turbo. Yakimomonyoka, vipande vyake huingia moja kwa moja kwenye feni inayozunguka kwa kasi niliyoitaja. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo hulihudumia gari vizuri mjini na kulishinda mlimani, ambako mafuta mengi yanatakiwa kwa mara moja. Nilichokuwa nikikikosa ni namba. Hakuna aliyepima chochote. Kila mmoja alikuwa na jibu kabla ya swali, na jibu la kila mmoja lilikuwa ni kitu cha kununua au cha kuuza.

Nimefanya kazi ya uhasibu maisha yangu yote. Pesa zikipungua kwenye kitabu, hatuanzi kwa kumfukuza karani. Tunaanza na kilichoingia, tunakifuata hatua kwa hatua, risiti kwa risiti, mpaka pale ambapo kilichotoka hakilingani na kilichoingia. Nilitaka mtu wa kulifanyia gari langu hivyo, na sikujua kama mafundi wa namna hiyo bado wapo.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja maeneo ya Gerezani, aliyezeekea kwenye malori ya dizeli na sasa anapokea magari machache kwa siku chini ya banda la mabati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivutia kiti na kuniambia, "Haya mwanangu, nieleze. Usiniambie kilichoharibika, niambie linafanyaje." Akauliza linakosa nguvu lini: asubuhi au mchana, likiwa na mzigo au tupu, kwenye gia gani, linaanza lenyewe au baada ya muda. Moshi ni wa rangi gani? Mweusi, nikasema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana. Bluu, alinieleza, ni oili inayoungua, na hapo angeanza kuitilia shaka turbo yenyewe au ringi. Mweupe unaodumu hata injini ikishapata moto ni maji. Mweusi ni petroli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. "Sasa tunatafuta hewa ilikokwenda."

Hata hivyo hakuanza na hewa. Alinituma nizunguke naye barabarani, na tuliporudi akashuka na kugusa rimu moja baada ya nyingine kwa mgongo wa mkono. Breki iliyokwama hula nguvu ya injini polepole, na rimu yake hurudi na joto kuliko wenzake. Zote zilikuwa sawa. Akaangalia kama mkeka haujakaa chini ya pedeli ya mafuta. Akaniuliza kama mshale wa mizunguko ya injini hupanda bila mwendo kupanda, maana hiyo ingekuwa gia boksi inayoteleza, na kuna watu wamenunua turbo kwa ajili ya gia boksi. Akatoa eya klina, akaielekeza kwenye jua, akaichunguza kama ina tundu. Alilalamikia tabia ya kuipuliza kwa upepo wa kompresa mpaka karatasi inapasuka. Vumbi linalopita hapo husaga feni ya turbo na kuchafua sensa ya hewa. Yote hayo hayakugharimu hata shilingi, na yalimaliza maswali mengi kabla hajashika spana.

Kisha akaunga geji. Ilikuwa geji ya mshale tu, ya zamani, aliyoipachika kwa kiungo cha njia tatu kwenye kibomba kinachotoka kwenye manifoldi, akaipitisha dirishani na kunishikisha. Upande mmoja wa sifuri inasoma mvuto, upande wa pili inasoma msukumo. Gari likiwa limesimama mshale ulikaa upande wa mvuto, umetulia. Akapandisha mizunguko na kuishikilia hapo, akautazama. Kama ekzosi ingekuwa imeziba, alisema, mshale ungeanza kushuka polepole kuelekea sifuri kwa sababu moshi unakosa pa kutokea. Haukushuka. Masega yangu yakawa yamepata hati safi bila kukatwa.

Tukaenda Pugu. Kwenye mwinuko, pedeli chini kabisa, yeye alitarajia mshale ufike karibu baa 0.8. Ulifika 0.3, ukatikisika, ukarudi nyuma kidogo, na ule mfoko ukasikika. Akaniambia nirudie. Ni kule kurudi nyuma kulikomfurahisha. Turbo ina kilango kinachopunguza moshi unaoizungusha ili msukumo usizidi kiasi. Mafundi hukiita westigeti. Kikikwama kikiwa wazi, au kikisimamiwa na springi peke yake kwa sababu solenoidi imekufa, msukumo huwa mdogo lakini mshale husimama palepale kila mara. Kibomba kinachokiendesha kikichomoka, mambo hugeuka: msukumo unazidi, na kompyuta inakata mafuta kuiokoa injini, unahisi gari limepigwa breki. Wetu ulikuwa unapanda kisha unashindwa. "Inatengeneza," mzee akasema, "ila kuna mahali inamwaga."

Kifaa cha kutafutia mahali hapo alikitengeneza mwenyewe kwa kifuniko cha bomba la maji la plastiki, akakitoboa na kukipachika valvu ya tairi. Alikifunga kwa bana kwenye mdomo wa hose ya hewa, baada tu ya sensa, akaunganisha pampu ya kujazia matairi, akajaza taratibu, chini ya baa moja. Injini ilikuwa imezimwa kabisa. Hatukuhitaji hata masikio makali. Chini ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, kwenye hose fupi ya mpira inayopokea hewa kutoka kwenye turbo, hewa ilikuwa inasonya. Akapaka maji ya sabuni, mapovu yakatoka upande wa chini, ule usioonekana ukifungua boneti. Mpira ulikuwa umelainishwa na mvuke wa oili wa miaka mingi na kupasuka kwa urefu. Presha ikiwa ndogo, midomo ya ufa ilikutana na kufunga. Presha ikipanda, ilifunguka.

Hapo nilielewa kwa nini gereji zote ziliniambia gari ni zima likiwa limesimama. Injini ya gari lililosimama haina msukumo wa turbo. Ufa haukuwa na sababu ya kufunguka mpaka umekutana na mlima.

Nikamwambia mzee kwamba katika kazi yangu hii ingekuwa risiti iliyoandikwa na mzigo usiofika. Sensa ya hewa ni waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inajua imepita kiasi gani kutokana na umeme unaohitajika kuurudishia joto. Hewa ikishapita hapo imehesabiwa, na petroli inatolewa kwa hesabu hiyo. Ikimwagika njiani, petroli ya mzigo wote inafika na hewa ya nusu mzigo, na ndio moshi mweusi nilioona kwenye kioo. Mzee akacheka, akasema basi hesabu hii ina kosa la pili. Alikuwa amesikia mnong'ono mwingine kutoka chini ya manifoldi, upande wa hose kubwa inayoipelekea turbo hewa. Kwenye Subaru hizi hose hiyo imelala mahali pabaya, juu ya injini yenye moto, chini ya manifoldi. Hukauka na kupasuka, na kuitoa ni kunyanyua manifoldi yenyewe. Ufa wa pale, kabla ya turbo, hufanya kinyume: hewa inanyonywa ndani bila kupita kwenye sensa. Imeingia bila risiti.

"Ndiyo maana taa haikuwaka," akasema. "Huku inaingia ya wizi, kule inatoka ya halali. Kompyuta inaona karibu sawa."

Kila mhasibu anajua makosa yanayofutana. Mizani inalingana, mkaguzi anapita, na kumbe kuna mashimo mawili. Hilo lilinigusa kuliko yote niliyoyasikia kwenye banda lile, kwa sababu watu wengi, mimi nikiwemo, huichukulia taa ya cheki injini kuwa hakimu. Taa inajua kile tu ambacho sensa zimeiambia. Hata inapowaka na mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikatoa namba, namba hiyo inataja kipimo kilichotoka nje ya mstari, haitaji kilichovunjika. Gari linaloandika kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno linaweza kuwa na hose iliyopasuka, pampu iliyochoka, nozeli chafu au sensa yenye vumbi, na fundi anayesoma namba na kukimbilia dukani kununua sensa anamhukumu shahidi.

Tulikubaliana kuanza na hose ndogo, kwani ilikuwa rahisi na iliyoumiza zaidi. Kabla sijaondoka mzee akanionya: "Ukiziba hii peke yake, huenda taa ikawaka. Ikiwaka usiseme mzee kaniharibia gari. Njoo." Pugu siku hiyo mshale ulipita 0.7 na mgongo wangu ukagandamana na kiti. Na haukupita muda mrefu, nikiwa kwenye foleni ya Tazara, taa ikawaka. Mashine ilipochomekwa ikatoa namba ya mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli. Ile hewa ya wizi sasa ilikuwa imebaki peke yake kwenye kitabu.

Kubadilisha hose ya chini kulichukua muda na kazi yake ilinigharimu zaidi ya hose yenyewe, kama alivyotabiri. Alipokuwa amefungua huko aliniita nione mambo mawili. La kwanza ni boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo, ambayo kwa injini hizi ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Wavu huo ukijaa masizi ya oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inanyimwa oili na inakufa kweli, tena haraka; ukiweka turbo nyingine bila kuugusa wavu, na hiyo itaifuata ya kwanza. Wetu ulikuwa na uchafu kiasi. Akausafisha, akaniambia habari ya kupitisha kilometa za oili niisahau.

La pili ni mhimili wa turbo. Aliutikisa kwa vidole kama alivyofanya yule kijana, ukacheza. Akanieleza kwamba mhimili huo haulali kwenye beringi za gololi; unaelea juu ya oili, na oili isipokuwa na presha lazima ucheze kidogo kwenda pembeni. Cha kuogopa ni ukicheza kwa kwenda mbele na nyuma, au mabawa ya feni yakifika kugusa ukuta. Akapitisha tochi kwenye ukuta ule, haukuwa na mkwaruzo wowote. Turbo iliyotangazwa marehemu ilikuwa hai.

Bado palikuwa na kitu kidogo hakijakaa sawa siku za joto, na hapo mzee aliniuliza natumia petroli gani na ya wapi. Forester hii huko Japani ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani 96 kwenda mbele. Petroli ikiwa ya oktani ndogo, mchanganyiko huwahi kulipuka wenyewe ndani ya silinda. Sensa inasikia kugonga huko, na kompyuta inachelewesha cheche ili kuinusuru injini. Dereva anahisi gari limekuwa zito. Ikichanganywa na mafuta ya taa ndiyo kabisa. Udanganyifu huo ndio ulioifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2010 ianze mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Nilihamia kwenye kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayalali chini siku nyingi, na kile kidogo kilichobaki kikaisha.

Kulaumu turbo kwa sababu ya vitu vidogo vinavyoizunguka ni desturi ya zamani. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo. La pili lilikuwa Chevrolet Corvair. Ili kuzuia ule mlipuko wa mapema, Jetfire ilikuwa na chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli iliyotakiwa kujazwa kila mara. Chupa ikiisha, kilango kilikata msukumo na gari likapoteza nguvu. Wenye magari walisahau kuijaza, wakalalamika kwamba gari halivuti, na baadaye kiwanda kikawapa wateja nafasi ya kuondolewa turbo na kufungiwa kabureta ya kawaida. Turbo iling'olewa kwa sababu ya chupa tupu.

Nimefikiri sana kuhusu wale mafundi watatu, na sina hasira nao. Yule kijana wa kwanza hakuwa mwongo. Alishika, ukacheza, akasema alichofundishwa na mtu aliyemfundisha. Tatizo liko kwetu wateja pia. Tunakubali kulipia spea kwa sababu tunaiona na kuishika, lakini fundi akikuambia nipe elfu kadhaa nikuchunguzie gari, tunaona anataka kula bure. "Umefanya nini sasa? Si umeangalia tu?" Basi anaacha kuangalia. Anakisia, anakutuma ukanunue, na anapata riziki yake kwenye cha juu cha duka la spea. Kukisia kukikosea, hasara ni yako, na kunamletea mauzo mengine. Mzee wa Gerezani alinitoza upimaji kabla hajafungua kitu, bei iliyonishtua kidogo siku ile. Ilikuwa ndogo kuliko bei ya turbo mtumba ambayo nisingeihitaji, na kuliko ya masega ambayo sasa yangekuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Mdogo wangu alipokuja Dar nikampa funguo, akaenda Pugu akarudi. "Dada, hili sasa ni lile nililolileta," akasema, kisha akaomba auziwe tena. Nilikataa.

Wewe mwenye gari la turbo lenye umri, lililoanza kukuchosha milimani, nakuomba jambo moja. Kabla fundi hajatamka neno spea, mwambie utamlipa kwa kupima, na utamlipa pesa ileile hata kama atakachokuta ni bana ya hose iliyolegea.